Damu Iliyokataa Kugeuka Kahawia

Ukiniuliza rangi ninayoipenda kuliko zote, sitakutajia bluu ya anga wala kijani cha mpunga. Nitakwambia kahawia. Tena si kahawia ya kupendeza. Ni ile iliyochanganyika na kijani kidogo, kama maji ya lambo ng'ombe wakishayakanyaga. Watu hucheka nikisema hivyo. Basi ngoja nieleze, na nitaeleza taratibu, maana kisa chenyewe kina damu, chuma, mshumaa na shemeji yangu. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, hutaelewa kwa nini siku ile nilirukaruka ndani ya maabara, mtu mzima na koti jeupe, kama msichana aliyefaulu mtihani.

Nilizaliwa Ibadakuli, upande wa pili wa uwanja wa ndege wa Shinyanga. Baba alilima kwa plau ya ng'ombe wanne, na kwa kuwa wadogo zangu wa kiume walikuwa bado watoto, kazi ya kufunga nira ilikuwa yangu. Siku ya kwanza ya kilimo ilikuwa vita. Ng'ombe wa kwanza hataki kabisa. Unamshika pembe, anazunguka. Unambembeleza kwa pumba, anakula pumba na kukuacha umeshika kamba. Ndege ikitua ndiyo kabisa, unaanza upya. Lakini huyo wa kwanza akishaingia, wa pili anasogea. Wa tatu anakuja bila kuitwa. Wa nne nusura ajifunge mwenyewe. Jioni mambo yaligeuka. Tukifika lamboni, ukimfungua mmoja tu, wengine watatu hawakupi nafasi ya kupumua, wote wanataka kutoka kwa pamoja wakimbilie maji.

Sikujua kwamba nilikuwa nasomea damu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha afya, mwalimu wetu wa maabara alichora ubaoni kitu kinachofanana na maboga manne yaliyobanana. Akasema hii ni hemoglobini, ndiyo inayoifanya damu iwe nyekundu na ndiyo inayobeba oksijeni. Ina sehemu nne, na katikati ya kila sehemu kuna chembe moja ya chuma. Chuma kile kile cha jembe. Oksijeni inakaa juu ya chuma hicho, moja moja, nne kwa jumla. Kisha akasema maneno yaliyonifanya nicheke kwa sauti: oksijeni ya kwanza huingia kwa shida, lakini ikishaingia, umbo lote la hemoglobini hujigeuza kidogo, na ya pili inaingia kwa urahisi zaidi, ya tatu zaidi, na ya nne kwa urahisi kuliko zote.

"Wewe dada wa nyuma," mwalimu akasema, "kuna kichekesho gani?"

"Mwalimu, hao ni ng'ombe wa baba."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliniita mbele nieleze, nikaeleza habari za nira, na nilipofika kwenye lambo akapiga meza kwa kiganja. "Hapo hapo!" akasema. "Na lamboni ni wapi?" Nikasema ni kwenye misuli, kwenye ubongo, kila mahali panapofanya kazi. Mahali hapo oksijeni ni chache, pana joto, na pana uchachu kidogo unaotokana na kazi. Hemoglobini ikihisi hayo inalegea. Inafungua nira. Oksijeni zinatoka, moja ikishatoka nyingine zinafuata, na mwili unakunywa.

Tangu siku hiyo sijawahi kuitazama damu kama kitu cha kuogofya. Hebu fikiria: ukiuacha msumari kwenye unyevu, chuma chake kinashika oksijeni na hakiiachi tena, ndiyo kutu hiyo. Lakini chuma cha damu kimefichwa ndani ya kikunjo cha protini kwa ustadi ambao mpaka leo unanisisimua, kiasi kwamba kinashika na kuachia, kinashika na kuachia, tangu siku ya kwanza unayolia mpaka ya mwisho. Huku kwetu ninakofanya kazi sasa, kwenye ukanda wa machimbo, kila mtu anaitafuta dhahabu. Mimi huwaambia akina mama wa kliniki kwamba dhahabu haishiki oksijeni kabisa, ndiyo maana haishiki kutu. Mungu angetuwekea dhahabu kwenye damu badala ya chuma, tungekuwa matajiri tusiopumua. Wanacheka, halafu wanakubali kumeza vidonge vyao vya madini ya chuma.

Kituo chetu cha afya kipo upande wa Bugarama. Malori ya mgodi mkubwa yanapita barabarani, na nyuma ya vilima wachimbaji wadogo wana mashimo yao, wanayoyaita maduara. Mdogo wa mume wangu alikuja huku kuchimba. Kabla kijana hajaondoka nyumbani, mama mkwe aliniita pembeni akasema, "Mayu, mama, huyu nakukabidhi wewe, si kaka yake. Kaka yake hana macho." Nikapokea.

Shemeji huyu ni mtu wa utani, na habari za ng'ombe wanne wa damu nilishamsimulia. Alikuwa akipita maabara kila Jumamosi akienda gulioni, anasimama dirishani na kunyoosha kidole.

"Mwangaluka, shemeji! Pima basi. Leo nina ng'ombe wangapi?"

"Wewe una mbuzi tu. Tena mmoja, kilema."

"Huyo kilema ndiye anayebeba viroba vya mawe kutoka chini. Nyie wenye ng'ombe mnakaa kwenye viti."

Nilimpima mara moja kwa utani huo huo. Hemoglobini yake ilikuwa kumi na tano. Alitembea kijiji kizima akijigamba kwamba ana damu kumi na tano, kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Asubuhi niliyotaka kusimulia ilikuwa ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na maduara mengi yalikuwa yamejaa maji. Yapata saa tatu nilisikia pikipiki inaingia uani kwa mwendo ambao si wa kawaida, halafu sauti ya sista, muuguzi wetu wa zamu, akiita machela. Nilichungulia. Katikati, kati ya dereva na mwanamume mwingine aliyemkumbatia kwa nyuma, alikuwa shemeji. Kichwa kilining'inia. Miguu ilikuwa na matope mpaka magotini.

Mwanamume aliyemshika alikuwa msimamizi wa duara lao. Alikuwa anahema kuliko mgonjwa. "Kaanguka kazini," alisema. "Tangu jana alilalamika homa. Na jana jioni alikunywa kidogo, sifichi."

Daktari wetu, kijana mtaratibu ninayemheshimu, alimpokea. Aliita, hakuitikiwa. Alifinya kidole, shemeji akakunja uso tu. Sista akambana kidoleni kile kimashine kidogo kinachosoma oksijeni ya damu. Sote tukatazama namba.

"Tisini na nane," daktari akasema, na mabega yake yakashuka. "Oksijeni anayo tele. Hii itakuwa malaria iliyopanda kichwani, au sukari imeshuka. Mama wa maabara, nipe majibu haraka."

Haraka? Nilikuwa nimeshika sindano tayari. Nilijiambia: huyu si shemeji, huyu ni mkono, na kwenye mkono kuna mshipa. Nikachoma. Damu ikaingia kwenye bomba la sindano, nikaisogeza kwenye mwanga.

Nimetoa damu za watu maelfu. Damu ya mshipa wa mkono inarudi kutoka kazini. Imeshafungua ng'ombe wake, kwa hiyo ni nyeusi-nyeusi, kama zambarau zilizoiva. Hii ilikuwa nyekundu ya nyanya. Iling'aa. Ilikuwa damu ya mtu aliyefika lamboni na ng'ombe wote wanne bado wamefungwa.

Nilikimbia maabara. Malaria: hakuna. Sukari: ya kawaida. Hemoglobini: kumi na tano, ile ile ya majigambo yake. Kila kipimo kilikuwa kizuri, na mtu alikuwa anazama mbele yetu.

Nilirudi na karatasi, lakini sikwenda kwa daktari kwanza. Nilikwenda kwa msimamizi wa duara aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nje.

"Kaka, alikuwa anafanya nini chini?"

"Tulikuwa tunatoa maji, Mama."

"Kwa ndoo?"

"Ndoo zingetuchukua wiki! Kwa pampu. Ya petroli."

"Pampu iko wapi?"

Akanitazama kama ninayeuliza jambo la kitoto. "Chini. Ukiiweka juu haivuti, shimo ni refu mno. Tuliishusha kwa kamba, tukaiweka kwenye ngazi ya mawe. Shemeji yako alikaa nayo kuitazama."

"Na hewa? Hamkuogopa hewa?"

"Ah, Mama! Sisi si wageni. Tuliteremsha mshumaa kwanza. Uliwaka mpaka chini, haukutikisika. Hata tulipokwenda kumtoa, mshumaa ulikuwa bado unawaka pembeni yake."

Hapo nisimame kidogo, msomaji wangu, kwa sababu kosa hili lina akili ndani yake na sitaki ulidharau. Wachimbaji hupima hewa ya duara kwa mshumaa. Wanauweka kwenye kopo, wanaushusha kwa kamba. Ukizimika, hakuna anayeshuka. Kipimo hicho kimeokoa watu wengi, kwani mwali wa moto unahitaji oksijeni kama sisi. Lakini mshumaa unajibu swali moja tu: je, oksijeni ipo? Haujibu swali la pili: je, ameingia mgeni? Na injini ya petroli ikifanya kazi shimoni hutoa mgeni anayeitwa kaboni monoksidi. Hana rangi. Hana harufu. Hazimi mshumaa. Anaingia mapafuni na kwenda moja kwa moja kwenye kile chuma cha hemoglobini, na anakishika kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni.

Ni kama fahali wa jirani kuingia kwenye nira yako. Hafanyi kazi, hatoki. Kibaya zaidi, akishaingia, umbo la nira linajikaza, na hata ng'ombe wako halali waliobaki wanabanwa wasiweze kufunguliwa. Damu inapita kwenye ubongo imebeba oksijeni na haiiachii. Mwili una kiu na maji yapo pale pale.

"Pigeni simu sasa hivi," nilimwambia msimamizi. "Pampu izimwe kwa kukatiwa mafuta kutoka juu kama inawezekana. Isipowezekana, iacheni iishiwe. Mtu yeyote asishuke. Hata mshumaa ukiwaka kama jua."

Sauti yangu lazima ilikuwa na kitu, kwa sababu alipiga simu kabla sijamaliza sentensi.

Daktari alinisikiliza. Ndiyo sababu namheshimu. Alinisikiliza huku anahesabu pumzi za mgonjwa. Kisha akasema jambo ambalo nilijua atalisema.

"Mashine ya oksijeni iko wodini kwa mtoto wa nimonia. Siwezi kumng'oa. Umebaki mtungi mmoja, wa chumba cha upasuaji. Gari limepeleka mgonjwa Kahama, sijui litarudi lini na barabara hii. Nikiufungua mtungi kwa mtu mwenye tisini na nane, halafu akaja mama wa kupasuliwa, nitamwambia nini?"

"Hiyo tisini na nane si ya kweli, daktari."

"Kimashine kimeharibika?"

"Hapana. Kinamulika mwanga kidoleni na kuangalia wekundu. Kinatuambia nira zimejaa. Hakijui nani yuko ndani."

Aliuma mdomo. "Nakuamini nusu. Ni shemeji yako. Nipe kitu ninachoweza kukiona."

Kitu ninachoweza kukiona! Nilitaka kumjibu vibaya, halafu nikagundua kwamba alikuwa ananipa njia. Yule mwalimu wa chuo, aliyepiga meza, aliwahi kutuonyesha kipimo cha zamani, cha enzi ambazo mashine hazikuwapo. Alisema hatutakihitaji kamwe. Unachukua damu, unaichanganya na dawa kali ya magadi. Damu ya kawaida inavunjika na kugeuka kahawia yenye ukijani. Damu iliyoshikwa na kaboni monoksidi imekazwa sana kiasi kwamba haivunjiki upesi, inabaki nyekundu. Si kipimo cha uhakika kama mashine za hospitali kubwa. Kama sumu ni kidogo, huioni. Lakini kama ni nyingi, inajionyesha.

Na dawa kali ninayo! Ile tunayotumia kulainisha magamba ya ngozi tunapotafuta fangasi chini ya hadubini. Chupa ilikuwa kwenye rafu ya chini, nyuma ya kasha la glovu.

"Njoo," nilimwambia daktari. "Dakika moja."

Nilipanga tyubu mbili za kioo kwenye kishikio. Kwenye ya kulia nikatia damu ya shemeji. Kwa ya kushoto nilihitaji damu ya mtu mwenye afya ya kulinganisha nayo, na mtu wa karibu nilikuwa mimi. Nilijichoma kidole, nikaminya. Kisha nikatia dawa, matone yale yale huku na huku, nikatikisa zote mbili pamoja, nikaziinua mbele ya dirisha.

Damu yangu ilianza kuchafuka mara moja. Kahawia ikapanda kutoka chini kama tope linapotibuliwa, ikawa kama lambo la Ibadakuli mwezi wa tisa. Ya shemeji ikabaki nyekundu. Nikatikisa tena. Nyekundu. Ilikuwa nzuri, ndiyo iliyotisha. Nzuri kama kitambaa cha sherehe.

Daktari aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Sista!" akaita huku ameshageuka. "Fungua mtungi! Barakoa ile yenye mfuko, oksijeni mpaka mwisho!"

Nadhani nilipiga kelele. Sista alikuja kunisimulia baadaye kwamba nilipiga vigelegele, mimi nakataa. Lakini kweli nilirukaruka, na sioni aibu. Kulikuwa na mtu anayekufa chumba cha pili na sisi sasa tulijua kwa nini, na dawa yake ilikuwa ni kitu kile kile alichokosa.

Kwa sababu fahali wa jirani hatolewi kwa kuvutwa. Hakuna sindano ya kumfungua. Anatolewa kwa kujaza zizi: unamwaga oksijeni nyingi mapafuni, nyingi mno, na kila yule mgeni anapolegea hata kidogo, oksijeni inajiingiza mahali pake. Mmoja, halafu mwingine. Kwa hewa ya kawaida kazi hiyo huchukua saa nyingi, na ubongo hauna saa nyingi. Kwa oksijeni tupu ya mtungi inakwenda mbio zaidi. Nilikaa pembeni mwa kitanda na kuangalia ule mfuko wa barakoa ukijaa na kusinyaa, na kila uliposinyaa nilisema moyoni, ingia wa kwanza, ingia wa kwanza, kama nilivyokuwa nikiwaambia ng'ombe wa baba.

Mshale wa mtungi ulikuwa unashuka. Daktari alipita kila mara kuutazama, kisha akautazama mlango wa wodi ya wazazi, kisha simu yake. Alikuwa amempata dereva wa gari la wagonjwa. Lilikuwa linarudi, na Kahama walikuwa wamepakia mtungi mwingine. Ila palikuwa na korongo njiani lenye maji. Msimamizi wa duara hakuondoka. Kila baada ya muda alisimama mlangoni na kuuliza swali moja.

"Lakini Mama, mshumaa uliwaka."

"Uliwaka, kaka. Haukukudanganya. Uliuuliza jambo lingine."

Anarudi kwenye benchi, anatikisa kichwa, anafikiri, anakuja tena.

Yapata saa saba mchana shemeji alisogeza mkono. Akaupeleka usoni, akashika ule mpira unaozunguka kichwa kuishikilia barakoa, akauvuta. Sista akamrudishia. Akauvuta tena. Halafu ikatoka sauti, nzito kama ya mlevi, chini ya plastiki:

"Shemeji... mbona mnanifunga kama ng'ombe?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na baadhi ya machozi hayo hayakuwa ya kicheko. Sista aligeukia ukuta. Daktari alimuuliza leo siku gani, akasema siku ya kulipwa. Akamwuliza yuko wapi, akasema, "Kwa shemeji. Naona koti lake." Alilalamika kichwa kinampasuka. Alitapika. Kila alilofanya lilikuwa jambo la kufurahia.

Gari liliingia saa nane, limejaa tope mpaka kwenye vioo, na mtungi mpya nyuma. Daktari aliupokea mwenyewe, akaukumbatia kama mtoto mchanga. Hakuna mama wa kupasuliwa aliyekuja siku ile.

Shemeji alipoweza kukaa, aliuliza nini kilimpata. Nilianza na ng'ombe na fahali, lakini kichwa chake kilikuwa bado kizito na akapotea katikati. Basi nikatafuta njia nyingine.

"Zebaki unaijua?"

"Nisiijue tena?" akasema. Wachimbaji wote wanaijua. Ndiyo inayokamata vumbi la dhahabu kwenye mchanga.

"Ikishika dhahabu, unaitoaje? Kwa maji?"

"Maji hayatoi. Mpaka uichome."

"Basi moshi wa pampu unashika damu kama zebaki inavyoshika dhahabu. Na wewe hatuwezi kukuchoma. Kwa hiyo tunakujaza oksijeni mpaka moshi uiachie damu."

Msimamizi wa duara, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa mara ya kumi na ngapi sijui, alivuta pumzi kwa nguvu. "Sasa nimeelewa," akasema polepole. "Kumbe mshumaa hauwezi kuona zebaki."

Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zangu zote, na tangu siku hiyo naitumia.

Habari za pampu zilimalizika baadaye. Waliitoa shimoni kwa ndoano bila mtu kushuka, wakaazima pampu ya umeme inayozamishwa majini, na jenereta yake wakaiweka juu, mbali na mdomo wa duara, upande ambao upepo unapeleka moshi porini. Mshumaa wanaushusha bado. Sikuwakataza. Niliwaambia waendelee, ila wajue unajibu swali gani. Injini ya mafuta haishuki tena, na anayelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote ni yule msimamizi.

Lakini nataka kumalizia siku ile ile, alasiri. Daktari alikuwa ameamua shemeji aende hospitali ya rufaa, moyo na kichwa vikaangaliwe, maana sumu hii inaweza kurudisha matatizo siku kadhaa baadaye. Gari lilikuwa linawashwa. Mimi nilikuwa na jambo moja la mwisho.

"Nipe mkono."

"Mmenitoa damu ya kutosha, shemeji. Kumi na tano yangu imebaki ngapi?"

"Nipe mkono, wewe."

Damu iliingia kwenye bomba nyeusi-nyeusi, rangi ya zambarau. Nilijua tayari. Hata hivyo nilikwenda nayo maabara, na alisisitiza kunifuata, anaegemea ukuta, sista amemshika kiuno na kumgombeza kila hatua. Nikatia damu kwenye tyubu. Nikatia dawa. Nikaitikisa na kuiinua dirishani, jua la alasiri likapita ndani yake.

Ikachafuka. Ikatibuka kutoka chini mpaka juu, ikawa kahawia, kahawia yenye ukijani, kahawia mbaya isiyo na haya.

Shemeji aliikodolea macho. "Hiyo ndiyo damu yangu?"

"Ndiyo yako."

"Mbona mbaya hivyo?"

"Mbaya kabisa," nilimwambia. "Mbaya kama lambo wakishakunywa ng'ombe wote."

Halafu akanyoosha kidole, kile kile cha dirishani cha kila Jumamosi, akagusa kioo.

"Wanne?" akauliza.

"Wote wanne."